Sleji ya Graubünden: kutoka mzigo wa nyasi hadi mchezo wa familia

Theluji ya Desemba ikishakaza, barabara ya magari inayopanda mlima wa Albula, katika jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi, hufungwa. Watu wa bonde hilo hawaiachi ikalala bure. Kilomita 6 za barabara hiyo, kutoka kituo cha Preda hadi kijiji cha Bergün, hugeuka njia ya kuteleza kwa sleji, yaani kiti cha mbao kisicho na magurudumu, kinachokaa juu ya mbao mbili zilizopinda kwa mbele. Baba, mama na watoto hupanda treni Bergün, sleji zao mkononi, wakashukia Preda, kisha wakateremka takriban mita 400 kwenda chini, kona baada ya kona, wakipita chini ya madaraja ya treni ile ile iliyowapandisha. Wakifika Bergün huingia tena kituoni.

Ukiwaona wanavyocheka, huwezi kudhani kwamba kifaa hicho kilianza kama chombo cha kazi ngumu.

Wakulima wa milima ya Alpi walikata nyasi wakati wa kiangazi kwenye malisho ya juu sana na kuziweka katika vibanda huko huko, kwa kuwa kiangazi hakukuwa na njia nyepesi ya kuzishusha. Walingoja theluji. Baridi ilipofika walipanda na sleji kubwa zenye pembe mbili ndefu mbele, wakapakia nyasi au magogo, na mtu mmoja akasimama kati ya zile pembe, mzigo ukiwa nyuma yake, akiongoza na kufunga breki kwa visigino. Aliyewahi kuona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, likishuka na magunia katika mitaa ya Goma atanielewa upesi: uzito ndio injini, na uzito huo huo ndio hatari. Wengine walifunga magogo kwa mnyororo nyuma ya sleji ili yaburuzwe na kupunguza mwendo. Aliyeteleza akaanguka mbele ya mzigo wake aliweza kupondwa.

Watoto nao walikuwa na sleji zao ndogo, na kwa hizo walijifunza mlima kabla ya kukabidhiwa mzigo.

Mabadiliko yaliletwa na wagonjwa. Mwaka 1853 daktari Mjerumani, Alexander Spengler, mkimbizi wa kisiasa, alianza kazi Davos, bonde la jirani, akaona kwamba kifua kikuu hakikuwapata wenyeji. Kuanzia 1865 wagonjwa walikuja kukaa huko hata wakati wa baridi kali, wakiamini kwamba hewa ya mlimani ingewaponya. Wengi walikuwa vijana na watu wa mali, na siku zao zilikuwa ndefu. Walipowaona watoto wa Davos wakiteleza, nao wakataka. Robert Louis Stevenson, aliyekuja kutibiwa mapafu na kumalizia huko riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua kama *Kisiwa chenye Hazina*, aliandika kwa furaha kubwa juu ya kuteleza peke yake usiku.

Mwandishi mwingine mgonjwa wa mapafu, Mwingereza John Addington Symonds, aliufanya mchezo huo kuwa mashindano. Tarehe 12 Februari 1883 washindani 21 kutoka nchi mbalimbali waliteremka kilomita 4 za barabara ya kwenda kijiji cha Klosters. Wawili walifika kwa muda sawa, dakika 9 na sekunde 15: Georg Robertson, mwanafunzi kutoka Australia, na Peter Minsch, mpeleka barua wa Klosters. Nampenda sana Minsch katika historia hii. Wageni walikuwa wameligeuza jambo la wenyeji kuwa mashindano ya kimataifa, na mwenyeji anayefanya kazi barabarani akasimama nao bega kwa bega.

Kutoka siku ile njia ziligawanyika. Moja ilielekea kwenye kasi. Majira ya baridi ya 1884 na 1885, huko St. Moritz, wageni walijenga Cresta, mfereji wa barafu ambao mpaka leo hujengwa upya kila mwaka, na humo mtu huteleza akitanguliza kichwa. Kutoka huko mchezo wa kichwa mbele ukaingia Olimpiki ya 1928, St. Moritz yenyewe, na ule wa kulala chali ukaingia mwaka 1964, Innsbruck.

Njia ya pili ilibaki ya familia, na iliyoipa nguvu ni reli. Reli ya Albula, iliyofunguliwa 1903, ilikusudiwa hasa kuwafikisha wageni wa hoteli za St. Moritz. Kati ya Bergün na Preda mlima ni mkali kiasi kwamba wahandisi waliizungusha reli ndani ya mahandaki, ikazunguka karibu kilomita 12 ili kupanda kimo ambacho mteremko wa sleji hukimaliza kwa 6. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwangu mimi, zawadi yake kubwa ni ndogo kuliko hiyo: mtoto wa miaka sita hahitaji tena kuikokota sleji mlimani nusu siku ili ateleze mara moja.

Sleji yenyewe haikubadilika sana. Ile ya Davos ina papi za mbao zilizolazwa kwa urefu na vyuma chini ya mbao za kutelezea. Haina usukani: unakandamiza mguu upande unaotaka kwenda na kulalia huko. Aliye mbele yako ndiye mwenye haki ya njia, na mzazi humfundisha mtoto hilo kabla hajamwachia kamba.

Huko Cresta wanawake walikuwa wakishiriki tangu mwanzo, kisha mwaka 1929 wakafungiwa mlango. Ilichukua hadi 2018 wanachama wa klabu ya Cresta kupiga kura ya kuwaruhusu tena. Kwenye barabara ya Preda mama na binti hawakungoja kura ya mtu yeyote.