Talaka, Mtoto na Matunzo: Tuliyoyasikia Kanyenye



Wengi mmetuzoea kwa habari za shela, mitandio na vipimo. Leo mtuvumilie, tuna mazungumzo mengine. Tulimshonea gauni binti mmoja wa hapa kisiwani aliyekuwa anaolewa Tabora. Gauni lilikuwa na kazi nyingi ya mkono, hatukuthubutu kulituma kwa basi peke yake. Tukapanda boti, tukalala Dar es Salaam, kisha tukashika njia ya bara mpaka Kanyenye.

Usiku wa kuamkia harusi, tukiwa bado tunamalizia pindo, alikuja bibi mmoja wa jirani kumtazama bibi harusi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akagusa kitambaa, akatusifu. Kisha akamuuliza binti wetu swali ambalo hatukulitarajia: "Mjukuu wangu, cheti chako cha ndoa utakiweka wapi?" Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka.

Akatusimulia ya kwake. Mumewe alimwacha kwa maneno, barazani, mbele ya wazee wawili, akenda zake Mpanda. Hakuna kilichoandikwa, na yeye hakwenda popote kudai. Alibaki na mtoto wa kiume, aliyezaliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mtoto alipotimiza miaka saba wakaja ndugu wa baba, wakasema saba imefika, mtoto ni wetu, ndiyo sheria. Akamfungia nguo zake kwenye kanga akawakabidhi. Katika miaka yote ile saba hawakuwahi kuleta hata pishi ya mtama. Alimwona tena mwanawe akiwa ameshaota ndevu.

"Sikunyang'anywa," alituambia. "Nilimtoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu sikuuliza."

Tumerudi kisiwani na maneno hayo kichwani. Tukaona tuulize sisi, tusome, tuwaulize wanaojua, kisha tukuleteeni tulichokipata.

Njia ya zamani, swali la zamani

Kanyenye ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya mji wa Tabora, na mji wenyewe umekua kwa misafara. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka Unguja walivuka hadi Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakafika Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Buganda. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wameshajenga na kulima mahali palipoitwa Kazeh. Kutoka pwani mpaka hapo ilikuwa safari ya miezi mitatu au zaidi, na aliyeendelea hadi Manyema aliweza kukaa miaka.

Sasa jiulize, dada: mume akiondoka miaka mitatu, nani anamlisha mke? Akioa kule alikokwenda, yule wa kwanza ana haki gani? Akimwacha mmoja, watoto wanabaki kwa nani? Maswali haya hayakuanza jana, yamepita njia hiyo hiyo pamoja na pembe na vitambaa.

Ndoa za njiani nazo zilikuwa nyingi. Inayojulikana zaidi ni ya Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliyemwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Binti wa mtemi alikuwa na ukoo mkubwa nyuma yake, na mkwe wa Fundikira asingeweza kusahau ameoa nyumba gani. Lakini mke wa mpagazi, au mjane aliyeolewa na mpita njia, nyuma yake alikuwa na nani? Ngao yake ilikuwa dini, ikiwa yupo mtu wa kuisimamia.

Na dini ilikuwa imeshasema. Surat al-Baqara, aya ya 233, inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha mtoto wake, kwa kadiri ya uwezo. Surat at-Talaq, aya ya 6, inataka mwanamke aliyeachwa apewe makazi katika eda yake, na akimnyonyesha mtoto alipwe. Surat an-Nisaa, aya ya 35, inaagiza mpatanishi kutoka upande wa mume na mpatanishi kutoka upande wa mke kabla mambo hayajaharibika. Kwa hiyo usuluhishi, makazi na matunzo si mambo yaliyoletwa na wazungu. Tatizo lilikuwa kuyadai ukiwa peke yako.

Hapa kisiwani palikuwa na kadhi wa kumwendea. Mafaili ya mahakama za kadhi za Unguja ya wakati wa Mwingereza yanaonyesha wanawake wengi, hata wasio na mali, wakidai mahari na matunzo. Bibi zetu hawakukaa kimya kama tunavyodhani.

Bahari moja, sheria mbili

Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa, maana nikahi ni ile ile, khutba ni ile ile, lakini ukivuka maji mlango wa mahakama unabadilika.

Zanzibar mahakama za Kadhi ni mahakama za serikali. Zilikuwa na sheria ya mwaka 1985, na sasa zina Sheria Na. 9 ya mwaka 2017. Ndoa, talaka, malezi na matunzo ya watoto wa Kiislamu husikilizwa huko.

Tanganyika nayo wakati wa ukoloni ilikuwa na maliwali na makadhi walioamua mashauri ya Waislamu. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilifuta utaratibu huo na kuweka mahakama ya mwanzo, ya wilaya na kuendelea juu, kwa watu wote. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, ukajadiliwa sana, na mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, Na. 5. Sheria hiyo ni ya Bara tu, Zanzibar haitumiki. Makadhi wa Bara wapo na wanaheshimiwa kwa mambo ya dini, lakini hawana mahakama ya dola.

Binti wa Unguja anayeolewa Kanyenye anatoka kwenye utaratibu mmoja na kuingia kwenye mwengine, na mara nyingi siku ya kutiwa hina hakuna anayemwambia.

Talaka ya mdomo inatosha?

Mbele ya dini, talaka iliyotamkwa kwa masharti yake ni talaka, na mwanamke anakaa eda. Lakini Bara, mahakama haiivunji ndoa kwa kusikia tu kwamba mume alitamka.

Utaratibu wa Sheria ya Ndoa ni huu. Kwanza mgogoro unapelekwa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kila kata inatakiwa iwe na baraza, na jumuiya za dini, BAKWATA ikiwemo, zina mabaraza yao. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Kwa ndoa ya Kiislamu, ikiwa baada ya hapo talaka ikatolewa kwa mujibu wa dini, kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama itambue kwamba ndoa imevunjika na itoe amri ya talaka. Shauri unaweza kulianzia mahakama ya mwanzo.

Na kama mume amekutelekeza na hujui alipo? Sheria imelifikiria hilo: katika hali hiyo unaweza kwenda mahakamani bila kupitia baraza, kwa kuwa hakuna wa kusuluhishwa naye. Bibi yetu wa Kanyenye, ambaye mume alimpotelea Mpanda, alikuwa na mlango huo tangu 1971. Hakuna aliyemwonyesha.

Kwetu Zanzibar, ukiachwa kwa mdomo usikae nyumbani na maneno. Nenda kwa Kadhi talaka ithibitishwe na iandikwe. Ikiwa mume hakuachi wala hakutunzi, Kadhi ndiye wa kumwendea kuomba khului au faskhi, kila moja kwa masharti yake.

Saba imefika, mtoto ni wa nani?

Hili ndilo lililotuuma. Neno "saba" lipo kwenye Sheria ya Ndoa kweli, kifungu cha 125, lakini halisemi walivyosema wale ndugu. Linasema mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni bora akae na mama, isipokuwa ikithibitika vyengine. Yaani saba imewekwa kumlinda mtoto mdogo asitolewe kwa mama ovyo. Haisemi kwamba akifika saba anakwenda kwa baba moja kwa moja. Baada ya hapo mahakama inaangalia kwanza maslahi ya mtoto, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na desturi za jamii yao.

Tukauliza upande wa dini, tukakuta jambo linalokaribiana. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwambia mama aliyemlalamikia kuwa yeye ana haki zaidi kwa mwanawe maadamu hajaolewa. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba au nane, huulizwa anataka kukaa na nani.

Angalieni basi: sheria inamuuliza mtoto, na dini inamuuliza mtoto. Siku ile Kanyenye hakuna aliyemuuliza. Walichokiita sheria kilikuwa mazoea yao, na mazoea hayo yalipita kwa sababu mama alidhani yana muhuri.

Nani anamlisha?

Baba. Kifungu cha 129 kinamwajibisha mwanamume kumtunza mtoto wake, awe mtoto anakaa kwake au kwa mtu mwengine: chakula, mavazi, mahali pa kulala na elimu, kwa kadiri ya uwezo na hali yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inarudia wajibu wa wazazi, na mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18. Kumlea mtoto wewe hakumwondolei baba deni lake. Na kumdai si kumchafulia jina, kwani unayemdaia ni mwanawe.

Tahadhari moja, dada: matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili mbali mbali. Baba asipotoa hela, usimfiche mtoto, nenda ukadai. Na wewe baba unayesoma hii kwenye simu ya mkeo, kutoonyeshwa mtoto si sababu ya kuacha kumlisha.

Na nyumba tuliyojenga?

Bara, kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali waliyochuma mume na mke kwa juhudi za pamoja. Zamani wengi walidhani juhudi ni fedha tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mke na mume Waislamu, ikasema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Ilikuwa hatua kubwa, na mpaka leo mawakili wanaitaja.

Lakini wengi hawasimulii mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu la nyumba. Mahakama iliona kwamba mumewe aliwahi kumpa fedha za kuendeleza familia, naye akazitumia vibaya, basi ikahesabu kuwa mchango wake umeliwa. Sisi wafanyabiashara tulisoma hapo mara mbili. Ukipewa mtaji, andika. Ukinunua bati, mbao au cherahani, weka risiti. Zanzibar nako Kadhi anaweza kusikiliza madai ya mali ya wanandoa, na mchango wako lazima uthibitike.

Tulichokiacha Kanyenye

Usiku ule, baada ya bibi kumaliza kusimulia, tulichukua vipande vilivyobaki vya gauni, tukashona bahasha ya kitambaa yenye kifungo. Tukamwambia bibi harusi: humu weka nakala ya cheti cha ndoa, maandishi ya mahari, iliyolipwa na iliyobaki, na inshallah ukijaaliwa watoto, vyeti vyao vya kuzaliwa. Nakala nyengine mpe mama. Si kwa kumtakia mabaya, na mumewe alipoiona asubuhi hakukasirika, akaweka na kitambulisho chake humo humo.

Tangu hapo kila gauni linalotoka kwetu linatoka na bahasha yake, bila kuongeza bei.

Na dada ambaye jambo limeshamfika, asikae na maneno ya watu. Bara anzia baraza la kata au la BAKWATA, Zanzibar kwa Kadhi, na pande zote wapo wasaidizi wa kisheria wanaoeleza bila malipo. Kila shauri lina mambo yake, kwa hiyo wapelekee la kwako walitazame.

Tulipokuwa tunaaga, bibi alitushika mkono akatuomba na yeye tumshonee bahasha. Tukamuuliza ataweka nini. Akasema ana wajukuu watatu, watoto wa yule kijana aliyeondoka na nguo zake ndani ya kanga, na mkwewe amemwomba amtunzie vyeti vyao.

Allah azijaalie ndoa zetu mapenzi na huruma, na mwenye kuachana aachane kwa wema. Aamin.