Kuchambua data kwa ramani: makosa yanayojificha

Mashirika mengi ya mashariki mwa Kongo yanataka wafanyakazi wanaojua kusoma data kwa ramani: kolera iko wapi, wakimbizi wa ndani wako wapi, bomba la maji linakosekana wapi. Mafunzo mara nyingi huanza na QGIS, programu ya bure inayotumika hata bila intaneti, pamoja na barabara na mito ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Kubofya kunazoeleka haraka. Shida iko kwa namba.

Goma iko karibu na latitudo -1.68 na longitudo 29.22. Mwanafunzi akigeuza namba hizo, bomba la Goma linaangukia jangwani, Algeria. Darasa linacheka, kosa linasahihishwa. Akisahau tu ile alama ya kutoa, bomba linahamia Ituri, upande wa Mambasa. Hilo ni baya zaidi, juu ya pointi inabaki ndani ya Kongo na hakuna anayeshtuka. Tena ikweta inakata Kivu Kaskazini: kwa kupima mita, Goma na Lubero ziko UTM 35 Kusini, lakini Butembo na Beni ni 35 Kaskazini.

Majina nayo yanadanganya. Rutshuru ni teritware, na ni zoni ya afya pia, yenye mipaka midogo zaidi. Mtu akiunganisha orodha ya wagonjwa wa zoni na ramani ya teritware kwa jina tu, ordinatere inakubali bila kusema neno. Rangi nyekundu inafunika hata Binza na Birambizo, na klorini inaweza kupelekwa pasipo na mgonjwa.

Kisha kugawanya. Mfano wa darasani: wagonjwa 200 kwa watu 400,000 ni 5 kwa kila 10,000, wagonjwa 60 kwa watu 30,000 ni 20. Zoni ya pili ndiyo imeumia zaidi. Lakini sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984, na vita inahamisha vijiji vizima, kwa hiyo chini ya ramani lazima iandikwe hesabu ya watu imetoka wapi na lini.

Nyumba za waliobakwa hazichorwi pointi kwa pointi. Zinajumlishwa kwa zoni, hata kama mfadhili anapenda ramani yenye pointi nyingi.