Lori moja, karatasi tele

Wadau, mwenye lori lake hapa Pemba, anayeliendesha mwenyewe, hatoki na karafuu kwa leseni na bima tu. Lazima pia awe na kibali cha kusafirisha karafuu. Hiki kimetoka wapi? Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1927 enzi za mkoloni iliundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, CGA. Mwaka 1937 sheria ikaipa mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaja juu, India nayo ikasusia karafuu zetu mpaka suluhu ya 1938. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968 likaundwa shirika la serikali, ZSTC, likashika ununuzi.

Sasa mnunuzi akiwa mmoja, kila gunia barabarani lazima lijieleze linakwenda wapi, maana magendo ya kuvusha karafuu Kenya yapo. Ndo maana mzigo una karatasi yake, mbali na za gari.

Kampuni kubwa ina karani wa kuzifuatilia. Mwenye lori moja akipanga foleni, gari limelala, na msimu haumsubiri mtu. Magendo yazuiwe, sawa, lakini kibali kisimle siku nzima. Nyie mwaonaje?