Mchanga wa tangi la samaki: Usafi wa kupitiliza nao huua

Na Mwandishi Wetu

WAFUGAJI wengi wa samaki wa mapambo hupata hasara yao ya kwanza baada ya siku ile wanayodhani wamefanya kazi nzuri kuliko zote. Tangi la kioo limechafuka, mwenyewe anamwaga maji yote, anauosha mchanga kwa maji ya bomba hadi unang'aa, kisha anawarudisha samaki. Siku chache baadaye samaki wanahema juu ya maji, na mmoja baada ya mwingine wanakufa.

Samaki hao hawakuuawa na uchafu, bali na usafi wa kupitiliza.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya chujio na juu ya chembe za mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Katika tangi jipya, bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kujijenga. Klorini iliyomo katika maji ya bomba huweza kuwaangamiza kwa muda mfupi sana.

Pamoja na hayo, wapo samaki ambao mchanga kwao ni sehemu ya maisha. Mfano mzuri ni siklidi wa Ziwa Tanganyika, ambao hufugwa katika nchi nyingi duniani. Wale wa jenasi ya Xenotilapia hujaza mchanga mdomoni, wakachuja chakula na kuutoa kupitia matamvua. Neolamprologus multifasciatus, samaki mdogo asiyefikia urefu wa kidole, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono na huchimba mchanga kwa mdomo kuyazunguka. Changarawe zenye ncha huwaumiza.

Kuchagua na kuuandaa

Mchanga unaofaa ni laini, wenye chembe za mviringo, usio na udongo. Ule wa baharini una chumvi na vipande vya makombe yenye chokaa. Ili kupima chokaa, dondosha siki juu ya mchanga mkavu; ukitoa mapovu, chokaa ipo. Chokaa huongeza ugumu wa maji na kipimo cha pH. Siklidi wa Tanganyika, ambao ziwa lao lina pH ya kati ya 8.5 na 9, hawadhuriki na hilo, lakini samaki waliozoea maji laini hawataupenda.

Mchanga mpya uoshwe ndooni mara nyingi hadi maji yatoke maangavu. Hapa maji ya bomba hayana madhara, kwa kuwa bado hakuna bakteria wa kulindwa.

Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, likiwekwa kina cha sentimita 4, linahitaji lita 7 hivi za mchanga, yaani takriban kilo 11. Mawe makubwa yatangulie kukaa chini, ndipo mchanga ufuate. Yakiwekwa juu yake, samaki wachimbaji wanaweza kuyaangusha yakapasua kioo.

Matunzo ya kila wiki

Uzuri wa mchanga ni kwamba kinyesi na mabaki ya chakula hubaki juu. Tumia mpira wa kufyonzea maji, mdomo wake ukiwa sentimita 2 hivi juu ya mchanga, ili uchafu unyanyuke na mchanga ubaki. Toa robo ya maji, usizidishe. Maji ya kujazia yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi kwa siku nzima husaidia kwa klorini ya kawaida, lakini hakutoshi pale maji yanapotibiwa kwa kloramini.

Mchanga usiotikiswa hushikamana na kukosa oksijeni. Ishara zake ni mabaka meusi na viputo vyenye harufu ya mayai viza, ambayo ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Kuzuia hali hiyo, tikisa mchanga taratibu kwa kijiti kila wiki, sehemu moja leo na nyingine wiki ijayo. Mabaka yakishakuwa makubwa, usiyavuruge yote kwa siku moja. Zima pampu kwanza, kwa sababu mchanga ukiingia ndani yake huisaga.

Ukilazimika kubadilisha mchanga, ondoa robo kwa wakati mmoja, ukipumzika wiki 2 kati ya awamu. Chujio lisisafishwe wiki hiyo hiyo. Na siku ya kulisafisha, sifongo yake isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba.

Kwa aliyekwisha kuosha kila kitu, bado kuna nafasi ya kuokoa samaki. Apunguze chakula, abadilishe robo ya maji kila siku, aongeze hewa kwa pampu, na kama ana rafiki mwenye tangi lenye afya, aombe kipande cha sifongo ya chujio lake. Ndani yake wamo bakteria wa kuanzia upya.