Tulipotoka, Sehemu ya 4: Klabu ya matanga na bwawa lililogeuka shamba

Akina mama, na akina baba wachache mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona. Wiki iliyopita niliwaahidi historia. Leo nimetoka zamu mapema, mtoto amelala, basi niandike kabla hajaamka.

Mwaka juzi nilipanda basi pale Sirari kwenda Nairobi kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Anakaa upande wa Lang'ata. Asubuhi tukatoka na mtoto aote jua, nikaona chini bondeni eneo kubwa la kijani. Nikamwambia shemeji, hapa mnalima kweli kweli. Akacheka. "Shemeji, hilo si shamba. Hilo ni bwawa. Zamani watu walikuwa wanashindana na mashua za matanga pale."

Mimi nimekulia karibu na Shirati, wakati Rorya bado ni Tarime. Tanga nalijua. Nalijua lile la kuungaunga maturubai na viroba, la baba anayetoka usiku na upepo wa nchi kavu kwenda kuvua dagaa na kurudi mchana upepo ukigeuka. Lakini tanga Nairobi? Mji ulio juu mlimani, mbali na ziwa na bahari? Nilivyorudi nikaanza kusoma, na ndiyo haya.

Bwawa lile, Nairobi Dam, lilijengwa mwaka 1953. Lengo lilikuwa akiba ya maji kwa mji uliokuwa unakua. Walizuia mto mdogo unaoitwa Motoine, maji yakajaa ekari karibu 90, yaani kama viwanja 50 vya mpira. Kina chake cha wastani hakifiki mita 3. Mkumbuke hicho kina, nitarudi.

Maji yakishatulia na upepo upo, watu wa michezo hawakosi. Pakawa na klabu ukingoni, Nairobi Sailing Club, ambayo baadaye iliwaingiza na wapiga mbizi. Si klabu kubwa. Mashua zenyewe ni ndogo za mtu mmoja au wawili, mlingoti mmoja, unakaa pembeni kuegemea ili isipinduke. Mwisho wa juma wanazunguka maboya, anayemaliza kwanza ameshinda, halafu watu wanakunywa chai. Hakuna samaki wa kuuza, hakuna abiria. Bibi yangu angeuliza, sasa hapo wanatafuta nini?

Ila tuwe wakweli kuhusu ule mwaka. Oktoba 1952 Waingereza walikuwa wametangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Aprili 1954 wakauzingira mji wa Nairobi na kukamata maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Na klabu nyingi za Nairobi enzi hizo zilikuwa za wazungu. Mwafrika aliingia kufagia au kubeba trei. Kwa hiyo mnapoona picha za zamani za matanga meupe kwenye maji, zipendeni, lakini mjue nani alikuwa nje ya uzio.

Na nje ya uzio, kaskazini tu ya bwawa, kulikuwa na Kibera. Kibera ni ya zamani kuliko bwawa. Walianza Wanubi, askari wa asili ya Sudan waliopigana katika jeshi la mkoloni, wakapewa mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina lenyewe ni la kwao, kibra, maana yake msitu. Baada ya uhuru mji ukavuta watu, na Kibera ikajaa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Idadi ya watu inapanda, mabomba ya maji taka hayaji. Vyoo vichache, vya kulipia, usiku vimefungwa. Mtu afanye nini? Ndiyo mkasikia habari za kujisaidia kwenye mfuko na kuutupa. Watu wanacheka hilo jambo, mimi silicheki. Mama mwenye watoto watatu hawezi kulipa choo mara kumi kwa siku. Na msidhani ni Kibera tu: maji machafu ya mitaa mingine, hata ya watu wenye uwezo, nayo yalikuwa yanashuka kwenye mto ule ule.

Sasa nirudi kwenye kina. Bwawa fupi, linapokea udongo na kinyesi kila mvua. Kinyesi ni mbolea, hilo kila mkulima anajua. Yakaingia magugu maji, haya haya tunayoyajua ziwani kwetu, yenye ua zuri la zambarau, asili yake Amerika ya Kusini. Yakipata mbolea na jua, yanaweza kuongezeka mara mbili kwa wiki mbili hivi. Ziwa Victoria lenyewe yalilitesa miaka ya 1990, mitumbwi ikakwama ufukweni, mpaka wakaletwa wadudu wa kuyala. Ziwa ni kubwa, lina mawimbi, likapumua kidogo. Bwawa la ekari 90 halina pa kupumulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yamelifunika. Mashua ya tanga haipiti kwenye magugu. Usukani unanasa, ubao wa chini unanasa, umesimama kama ng'ombe kwenye tope. Klabu ikabaki na jengo na jina.

Halafu udongo ukapanda, watu wakaanza kulima juu yake: miwa, mboga, na nduma, sisi tunaita magimbi. Ndilo shamba nililolisifia. Mipango ya kulifufua imetangazwa zaidi ya mara moja.

Na yale maji hayaishii pale. Yanatoka kama mto Ngong, yanaingia mto Nairobi, kisha Athi, yanakwenda mpaka baharini karibu na Malindi.

Mtaniuliza, nesi, sisi Mara inatuhusu nini? Mto wetu Mara unatoka Kenya, unapita kati ya Serengeti na Tarime, unaingia ziwani baada ya Kirumi. Machi 2022 mliyaona wenyewe maji yamekuwa meusi, samaki wanaelea, serikali ikazuia kuyatumia kwa muda. Hayo makubwa tunayasemea. Madogo ndiyo nayakuta wodini. Mama analeta mtoto anaharisha, namuuliza nepi anafulia wapi, ananijibu mtoni, "kinyesi cha mtoto mchanga hakina shida." Kina shida, mama. Tena mara nyingine kina vijidudu vingi kuliko cha mtu mzima, maana watoto ndio wanaougua kuhara zaidi. Kitupe chooni. Maji ya kufulia nepi nayo chooni, si mtoni. Na kwa mlio Shirati, Sota na Kinesi, kichocho kinazunguka hivyo hivyo: kinyesi kiingie ziwani, konokono apokee, mtoto anayeoga akipate kupitia ngozi. Dawa zikija shuleni msiwafiche watoto.

Siku ya kuondoka Nairobi, mama mmoja alipita mlangoni na beseni la nduma, nzuri, nene. Dada yangu akamuuliza kabla ya bei, "Za wapi?"

"Za Kisii," akasema.

Dada akazirudisha kwenye beseni. Akaniambia tukiwa ndani, "Wote huwa wanasema za Kisii."