Bafle za nyumbani: ni ipi inastahili kubadilishwa kwanza?

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, saloni iko na televizio, bafle tano ndogo zinazozunguka viti, na bafle kubwa ya besi chini. Ni ule mtambo wengi wanaita homu sinema. Mwanzoni unaimba vizuri. Kisha sauti inaanza kukwaruza, maneno ya filamu hayasikiki tena, na wenye nyumba wanaanza kuhesabu dola: kununua mtambo mzima upya, ao kubadilisha bafle moja tu?

Jibu linatoka kwa kazi ya kila bafle. Hazifanyi kazi moja, kwa hiyo hazistahili feza sawa.

Kila bafle na kazi yake

Mtambo unaitwa 5.1 sababu uko na njia 5 za sauti kamili na njia 1 ya besi peke yake. Bafle ya katikati, ile inawekwa chini ao juu ya televizio, ndiyo inabeba sehemu kubwa ya maongezi ya filamu. Mbili za mbele, kushoto na kuume, zinabeba muziki na vishindo vingi. Mbili za nyuma zinaleta mvua, upepo, makelele ya umati. Ile ya besi, wufa, inashika sauti za chini. Katika filamu njia yake inafika hadi hertz 120.

Lakini angalia pia kile munachoangalia nyumbani. Filamu nyingi zinazopita mkono kwa mkono kwenye kle USB ziko na njia mbili tu za sauti, ya kushoto na ya kuume. Hapo bafle za nyuma hazina kazi yao ya kweli. Kuzinunulia feza nyingi ni kupamba ukuta.

Mbele ya kununua, pima

Vipimo vya kwanza haviombi hata franka moja.

Anza na nafasi. Bafle iliyofichwa ndani ya kabati ao nyuma ya rido haiwezi kusikika safi. Za mbele zikae karibu na urefu wa masikio ya mtu aliyekaa. Wufa iliyo kwenye kona inaongeza besi mpaka inafunika maneno. Isogeze kidogo, sikiliza tena.

Kisha badilishana. Toa bafle inayokwaruza, iweke kwenye fili ya ingine inayofanana nayo. Kama mkwaruzo unafuata bafle, bafle ndiyo mgonjwa. Kama mkwaruzo unabaki kwenye fili ileile, tafuta kwa fili ao kwa ampli. Kununua bafle hakutaponya kitu.

Angalia pia rangi za fili: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Bafle moja ya mbele ikigeuzwa, besi inapotea na sauti inakuwa sawa haina mahali inatokea. Buye la radio la volti 1.5 linaonyesha: gusisha plus kwa nyekundu na moins kwa nyeusi kwa nukta moja, na karatasi ya bafle inasukumwa inje.

Fundi akiwa na multimetre, bafle ya ohm 8 kwa kawaida inaonyesha karibu 6 ao 7. Isipoonyesha kitu, bobini imekatika. Kama ni mpira wa pembeni tu umeoza, fundi anaweza kuweka mwingine, na mara nyingi inakuwa bei ndogo kuliko bafle mpya.

Mpango wa kutoa feza

Kama shida ni maneno kutosikika, na nafasi iko sawa, anza na bafle ya katikati. Kama nyumba inasikiliza zaidi muziki, anza na mbili za mbele, na uzinunue pamoja: moja mpya na moja ya zamani hazitaimba sauti moja. Ni vizuri tatu za mbele zitoke kwa jamaa moja, ili sauti ya mtu isibadilike anapotembea kutoka upande mmoja wa ekra kwenda mwingine. Wufa inakuja nyuma ya hapo. Za nyuma ni za mwisho.

Kuna jambo la kuchunga. Mitambo inayouzwa yote ndani ya karto moja iko na ampli iliyopimwa kwa bafle zake, mara nyingi ohm 3 ao 4, na wakati mwingine na fishi ambazo haziingie kwa ingine. Soma namba ya ohm nyuma. Kuunganisha bafle yenye ohm chache kuliko zile ampli inakubali kunaweza kuiunguza. Kwa mtambo wa namna ile, kama bafle zaidi ya moja zimekufa, ni afazali kuchunga feza mpaka kupata ampli ya kando.

Wati za kwenye karto

Karto ikiandikwa wati 1000 PMPO, usishangae. PMPO ni namba ya kuuza. Wati za kweli zinaandikwa RMS. Geuza mtambo, soma kiasi cha kura unachokula. Mtambo unaokula wati 60 hauwezi kutoa wati 1000 za muziki.

Namba yenye faida zaidi ni desibeli kwa wati moja, kwa metre moja. Bafle ya desibeli 90 inatoa sauti ileile ya bafle ya 87 kwa nusu ya nguvu. Kwa nyumba inayotumia panneau solaire na batri, tofauti ile inasikika usiku, filamu ikiwa haijaisha.

Mbele ya kulipa, uombe muuzaji aunganishe bafle pale dukani, na ubebe kle USB yako mwenyewe yenye sauti ya watu wanaoongea. Besi inadanganya masikio haraka; sauti ya mtu haidanganye, sababu kila mmoja anaijua.