Malezi Hayaishii Langoni: Kumbukumbu ya Freretown na Haki ya Vijana Watokao Makaoni



Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, twapenda kutia katika kitabu hiki cha mwaka habari moja ya kale, ili tupate kuyapima mambo ya leo kwa kipimo cha jana. Safari hii tumechagua habari ya watoto walioletwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika karne ya 19. Yaliyowapata wao yanawapata vijana wengi hata leo. Mtoto hulelewa na watu wasio wazazi wake, akalishwa, akavishwa, akafundishwa. Kisha afikapo umri wa mtu mzima huambiwa aende. Aende wapi?

Mwezi wa Juni, mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini majahazi hayakuacha kusafiri kwa siri, na manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata. Wengi waliokutwa ndani walikuwa watoto, nao hawakuweza kurudishwa kwao, kwa kuwa vijiji vyao vilikuwa mbali sana barani, na wengine hawakuweza hata kueleza walikotoka.

Hata kabla ya mkataba huo, watoto wa namna hiyo walikuwa wakipelekwa Bombay, na baadhi yao wakawekwa katika makao ya misheni huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa kusoma, Kiingereza, useremala na uhunzi. Mwaka 1864 wachache wao walitumwa Rabai kumsaidia Johannes Rebmann. Miongoni mwao walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David. W. S. Price, aliyekuwa msimamizi wa Sharanpur, alifika Mombasa kwa niaba ya Church Missionary Society, na mwaka 1875 akaanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa. Makazi hayo yaliitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yao ingali pale hata sasa, na mtaa ule huitwa Kengeleni.

Hatutaki kuidharau kazi ile. Watoto waliotolewa katika matumbo ya majahazi walipata chakula, dawa, shule na ufundi. Aliyeokoa uhai hastahili kusahauliwa. Lakini historia yatudai tuseme na upande wa pili. Watoto wale walikua wakawa watu wazima, ilhali mambo mengi yaliendelea kuwa kama ya watoto. Ardhi waliyoilima ilikuwa ya misheni. Majirani zao walikuwa na koo, mbari na wazee wa kuwasemea; wao hawakuwa na ukoo wa kuutaja. Mafundi na walimu waliotoka Bombay walinung'unika kwa ajili ya mishahara na kwa kutotendewa kama watu wazima wenye elimu. Mwaka 1881 viboko vilivyochapwa pale Freretown vilileta malalamiko makubwa hata ikabidi uchunguzi ufanywe.

Na tumfikirie Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyekombolewa utotoni na kulelewa Nasik. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa watu waliotumwa bara kumfikia David Livingstone. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, Jacob ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo wake, na ndiye aliyechonga maandishi katika mti. Alikwenda na jeneza hata Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza hilo katika Westminster Abbey. Baadaye alirudi Afrika akazitumikia misheni, akafa Urambo, katika Tanzania ya leo, mwaka 1892. Watu wengi wamelisoma jina la yule aliyezikwa London. Ni wachache wanaolijua jina la kijana aliyemsindikiza. Heshima ya siku moja si urithi, wala haimpi mtu kwao.

Lakini pale walipofunguliwa mlango, wenzake walionyesha walichoweza. Jones na Semler walipewa daraja ya ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba, ni Jones aliyeuongoza msafara uliokuwa ukingoja Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, akaurudisha hata pwani. Na habari za watu wa Freretown hazikuachiwa wageni tu kuziandika. James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Hapo twajifunza ya kwamba aliyelelewa na wengine naye ana ulimi, na ushahidi wake ndio wa kwanza kusikilizwa.

Tukivuka miaka hata siku za Hali ya Hatari, twakuta fundisho la namna nyingine. Katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwaweka vijana waliotolewa kizuizini katika kambi ya Wamumu, huko Mwea. Nia yake ilikuwa ya kisiasa, nasi hatuisifu. Hata hivyo vijana wale walifundishwa kazi, na walipomaliza, maofisa waliwatafutia pa kufanya kazi. Mmoja wa waliotumika Wamumu, Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe Boys Centre jijini Nairobi mwaka 1959, kwa mabanda mawili ya bati. Basi yaonekana wazi kwamba kumtafutia kijana njia baada ya lango si jambo lisilowezekana. Hufanyika pale wenye mamlaka wanapotaka lifanyike.

Sasa tuitazame sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa mtoto haki ya jina na uraia, elimu, chakula, makazi na matunzo. Kifungu cha 55 chaitaka Serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu, mafunzo na kazi. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulikubali miongozo ya malezi mbadala, isemayo kwamba kijana atayarishwe mapema kujitegemea na asaidiwe hata baada ya kuondoka. Na mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto katika familia na jamii. Maneno ni mema. Lakini kati ya kifungu cha 53 na cha 55 kuna siku moja, ndiyo siku ya kutimiza miaka 18, na siku hiyo kijana wa makaoni huweza kulala mtoto wa nyumba na kuamka mtu asiye na nyumba. Akienda kuomba kitambulisho, huulizwa hati ya kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Asipokuwa navyo, kazi haipati, na hata chumba cha kupanga ni shida.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa makao umefanya sehemu yake. Uko wapi wa pili? Twaona unaweza kuwa wetu, wazee na wanachama, nasi twaomba mkutano mkuu uyafikirie mambo manne. La kwanza, wazee wakubali kufuatana na kijana hata kwa chifu na ofisi ya usajili, wakamsemee kama wanavyomsemea mtoto wa ndugu. La pili, wanachama wenye karakana, maduka na mashamba wawapokee vijana hawa kujifunza kazi kwa ujira wa haki. La tatu, kila kijana apewe nyumba moja ya kwenda siku ya sikukuu na siku ya ugonjwa, kwa maana hizo ndizo siku ambazo mtu hujua kama ana watu. La nne, Chama kisiandike neno kwa Serikali juu ya vijana hawa kabla ya kuketi nao na kuwasikiliza.

Haya hatuyaombi kama sadaka. Mwana wetu wa kuzaa atimizapo miaka 18 hatufungi mlango nyuma yake. Akishindwa mjini hurudi, tukamgawia kilichopo. Watoto wa Freretown walikombolewa baharini, kisha wakangoja miaka mingi kuhesabiwa kuwa watu wa nchi kavu. Walio makaoni leo wasingoje hivyo, nasi tungali hai na milango yetu i wazi.